Kitambaa cha Mababu Kumi

Joisi alinipa karatasi yenye mistari na kalamu ya mwanaye wa shule, akanikalisha chumba cha nyuma, mbali na kelele za vijana waliokuwa wakifunga maturubai uani, akasema, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyemjua mama tangu usichana wake. Tuandikie wasifu. Mchungaji anataka ukurasa mmoja, tusizidishe, maana na mvua hii." Kisha akanihesabia kwa vidole mambo ya lazima: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, aliugua lini, alifariki lini. Nikaitikia kila kidole. Alipotoka nilikaa na karatasi mapajani, magoti yananiuma kwa baridi ya mvua, nikasikia uchovu ambao si wa magoti peke yake. Umri huu umenifanya karani wa marehemu. Nimemwandikia mume wangu, nimewaandikia kaka zangu wawili, nimewaandikia majirani hata sikumbuki wangapi, na maneno ni yale yale: alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa, aliugua, alifariki. Unabadilisha majina tu. Lakini asubuhi ile kalamu ilikwama kwenye kidole cha tatu cha Joisi. Agata, rafiki yangu, hakujaliwa watoto wanne. Alijaliwa watano, na kati ya watu wote waliokuwa wakinywa chai chini ya maturubai yale, nilikuwa nalijua hilo peke yangu.

Mwaka ninaotaka kuusema ni mwaka tuliokuwa tunakula yanga. Wa umri wangu hawahitaji zaidi ya neno hilo. Wadogo niwaambie kwamba ulikuwa unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, uliotufikia baada ya mvua kukosekana, ugali wake unajaza tumbo lakini haumwachi mtu akitamani kuusifu. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa. Vumbi la saruji lilikuwa linatua kwenye nguo tulizoanika, na wauza mchicha walipanga mafungu yao pembeni mwa barabara, wakiyanyunyizia maji yasinyauke. Mimi na Agata tulipanga chumba kimoja, cha pili kulia, katika nyumba ya vyumba sita ya Bi Zena. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala wote wawili, cherehani ya Agata chini ya dirisha, na kati ya hivyo viwili sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai. Humo ndimo alimolala Hilari, mwanawe Agata. Chumba kizima kilinuka mafuta ya cherehani na majani ya chai, na mpaka leo nikifungua pakiti mpya ya chai huwa nasimama kidogo kabla ya kuchemsha maji.

Agata alikuwa na miaka ishirini na minne, mimi kumi na tisa. Wote tulitoka kusini, kwa basi moja, ingawa si mwaka mmoja. Yeye alishona sare katika chama cha ushirika cha mafundi, mimi nilikuwa karani wa stoo ya vitambaa kule Mchafukoge, kazi yangu kuandika vibandiko vya marobota kwa mwandiko mkubwa unaosomeka kutoka mlangoni. Hilari alikuwa na miezi miwili mwaka ulipoanza. Jina alipewa na mjomba wake, kaka mkubwa wa Agata, aliyempa jina lake mwenyewe kwa barua, kama ilivyo kwetu. Kwetu mtoto ni wa mama na wajomba. Baba anapita. Huyu wa Hilari alikuwa dereva wa lori mwenye mke na watoto wake, na alipita kweli kweli. Agata hakuwahi kulitamka jina lake mbele yangu, na katika nyumba ile ya midomo hakuna aliyethubutu kumwuliza mara mbili. Walimwita Mama Hilari na basi.

Aliyemwuliza mara nyingi ni Mwalimu Elisaria, mwinjilisti wa kanisa letu. Alikuwa mzee mrefu kutoka Kilimanjaro, mjane, kola ya shati lake imegeuzwa mara mbili na Agata mwenyewe ili upande uliochakaa uingie ndani. Kila Jumatano jioni, baada ya kazi, alitufundisha kipaimara sisi watu wazima tuliokikosa tulipokuwa wadogo, Agata akibaki nyumbani na mtoto. Mwalimu alipenda nasaba kuliko miujiza. Wengine walitaka kusikia bahari ilivyogawanyika. Yeye aliturudisha mwanzo kabisa, kwenye sura ile ambayo watu huiruka, akatufanya tuikariri. Adamu, Sethi, Enoshi, Kenani, Mahalaleli, Yaredi, Henoko, Methusela, Lameki, Nuhu. Fulani aliishi miaka kadhaa, akamzaa fulani, akaishi tena miaka kadhaa, akazaa wana na mabinti, akafa. Kisha anayefuata. Akimaliza hao alitusomea na wa kwake, baba, babu, baba wa babu, mpaka wa kumi, bila kukwama, macho ameyafumba. "Mtu asiyejua aliyemzaa baba yake," alisema, "akipotea sokoni nani atamrudisha?" Tulicheka. Mimi nilikuwa sijui hata jina la babu yangu mzaa baba, nikacheka kuliko wote.

Yeye ndiye aliyepata wazo la kitambaa. Alitaka watoto wa shule ya Jumapili waone kwa macho jinsi mababu wale walivyoishi wakikutana, kwamba Lameki, baba yake Nuhu, alizaliwa Adamu bado yu hai. Aliniomba mimi kwa ajili ya mwandiko na Agata kwa ajili ya sindano. Kitambaa nilikipata stoo, yadi mbili na ushee za pamba ya marekani yenye madoa ya kutu ambayo hakuna mteja angeipokea, na mkuu wangu akaniruhusu kuichukua. Vipande vya rangi alikuwa navyo Agata, mabaki ya khanga na sare. Kipimo walikipanga wao wawili: kila inchi moja ya futi ya fundi ni miaka ishirini na mitano. Adamu alikuwa inchi thelathini na saba na kidogo. Kila babu angekuwa na utepe wake, umeshonwa pale alipozaliwa, unakatika pale alipokufa, na mwisho wa kitambaa upindo wa buluu kuanzia juu hadi chini, gharika.

"Unafanya kazi ya bure," nilimwambia Agata siku alipoanza kuchagua rangi.

"Si ya bure," akasema. Alikuwa ameshika pini mdomoni. "Nikimshonea vizuri, atanibatizia mwanangu."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Daftari la ubatizo lilikuwa na safu ya jina la baba, na wazee wa kanisa hawakutaka safu hiyo ibaki wazi. Mama asiyeolewa alitakiwa asimame mbele ya washarika atubu, na amtaje mwanamume naye aitwe. Agata alikubali kusimama. Alisema yuko tayari kusimama hata Jumapili mbili, tena mbele kabisa. Kumtaja ndiko alikokataa. "Nikimtaja ataletwa," alisema, "na mimi sitaki aletwe." Wiki zikaenda namna hiyo. Mwalimu anakuja Jumamosi mchana na karatasi yake ya hesabu, anakunywa chai ya rangi, anapima, anauliza, anakataliwa, anaondoka. Mtu asiyejua angedhani ni mzee anayeposa.

Nakumbuka Jumamosi moja kuliko nyingine. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa uani juu ya mkeka, Hilari kalala kifudifudi pembeni yake akijaribu kuula utepe wa Kenani, na Bi Zena, mwenye nyumba wetu, Mzaramo mnene wa sauti, anachambua dagaa kwenye ungo. Bi Zena aliwajua baadhi ya watu wale kwa majina ya kwao, Nabii Adamu, Nabii Idirisi, Nabii Nuhu, na alimsahihisha Mwalimu kila alipopata nafasi.

"Methusela," Mwalimu alisoma, "mia tisa sitini na tisa."

"Mia tisa!" Bi Zena akaacha dagaa. "Huyo basi ndiye peke yake angefika mbele kwenye foleni ya sukari."

Hata Mwalimu alicheka. Agata hakucheka. Alikuwa amepiga magoti na futi yake shingoni, anatazama nafasi kati ya Adamu na Sethi. Akauliza, "Mwalimu, na Habili je? Si mtoto wa Adamu? Mbona hujanipa kipimo chake?"

"Habili hayumo."

"Hayumo vipi? Si tunasomewa habari zake kila siku?"

"Habari zake zimo, ila kwenye nasaba hayumo," Mwalimu alisema taratibu, kama anavyofundisha. "Habili alikufa hajazaa. Nasaba inatoka kwa baba inakwenda kwa mwana. Ikifika kwa aliyekufa bila mwana haina pa kushika. Sethi ndiye aliyeziba nafasi."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Bi Zena akasema akirudia dagaa wake.

"Lakini mama yake si alimzaa?" Agata akauliza. "Si alimbeba? Si alimnyonyesha?"

Mwalimu akakunja karatasi yake. "Wamama hawamo humu, Mama Hilari. Si mimi niliyeandika." Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na hakuweza kuondoka bila kusema, akaongeza, "Nipe jina tu. Nikilipata jina, Jumapili ijayo naleta maji."

"Hilari ana jina. Ana na mjomba."

"Mjomba si mlango wa ukoo."

"Kwetu ndiye mlango na dirisha," Agata akasema, akarudisha pini mdomoni, maongezi yakaishia hapo.

Sitaki mtu adhani Mwalimu alikuwa mtu mbaya. Kwa miaka mingi nilidhani hivyo, maana ilinipunguzia kosa langu mwenyewe, ambalo nitalisema. Lakini Jumatano moja niliwahi darasani, nikawasikia kwenye chumba cha ofisi kupitia mlango usiofunga vizuri. Mwalimu alikuwa anasema, "Huyu binti anakuja kila Jumapili. Anatushonea. Mtoto ana kosa gani?" Na mzee mmoja wa kanisa akamjibu, wala si kwa ukali, "Ukianza na huyu, Mwalimu, kesho utabatiza mtaa mzima." Nikasikia kiti kinasogezwa. Mwalimu akasema, "Basi," tu, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo ambao angetaka kuendelea nao. Alipoingia darasani alitufundisha, bila kutazama daftari, somo ambalo halikuwa zamu yake siku hiyo: kwamba mtoto akiwa hatarini kufa na hakuna mchungaji karibu, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji yoyote. Unamtaja jina, unasema kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, imetosha. Alitufanya tulirudie mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu alinitazama sana. Nimekuwa na miaka hamsini ya kufikiria jinsi alivyonitazama.

Homa ilimshika Hilari alipofikisha miezi saba. Ijumaa tulimpeleka hospitali, tukapewa chupa ya dawa chungu, akatapika nusu, nusu ikakaa. Jumamosi asubuhi alikuwa amelegea. Nilikuwa nakoroga uji wa yanga uani niliposikia Agata ananiita, si kwa kelele, kwa sauti ya chini kabisa. Niliingia nikamkuta amemtoa sandukuni, amempakata, macho ya mtoto yamegeuka yanaonyesha weupe, mkono mmoja unatikisika wenyewe. Degedege. Bi Zena alikuwa kwenye mlango anasoma dua. Agata akaniambia, "Yuni, wewe umefundishwa. Mbatize."

Maji yalikuwepo. Yalikuwa kwenye mtungi, hatua mbili kutoka niliposimama, na kata juu yake. Maneno niliyajua. Niliyarudia mbele ya darasa zima bila kosa. Na mimi nikasema, "Ngoja nimwite Mwalimu."

Nilikimbia. Najua nilikimbia kwa sababu nilipoteza kandambili moja pale kwa wauza mchicha na sikurudi kuichukua. Nilijiambia njiani kwamba naharakisha msaada, na nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa. Niliogopa daftari lile na safu yake wazi, niliogopa wazee wa kanisa, niliogopa kunyimwa kipaimara changu kilichobaki mwezi mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kufanya jambo lolote bila mtu mkubwa kulitia muhuri. Nilimkuta Mwalimu anapanga mabenchi ukumbini. Sikumaliza hata sentensi. Hakuuliza jina la baba. Hakuuliza chochote. Alichukua kikombe cha bati, akachota nacho maji kwenye ndoo ya kupigia deki, akatoka mbele yangu na miguu yake mirefu, mzee yule, maji yakimwagika kwenye suruali. Kumbe alikuwa tayari siku zote, ila alikuwa anangoja kulazimishwa.

Tulipofika Bi Zena alikuwa ameketi sakafuni amemkumbatia Agata, na mtoto yuko kimya katikati yao. Mwalimu alisimama mlangoni na kikombe. Robo tu ilibaki. Alikitazama kile kikombe, akamtazama mtoto, akasema polepole, "Maiti habatizwi," akaketi ukingoni mwa sanduku la chai. Agata hakulia mbele yetu. Alinitazama mara moja, nikainamisha kichwa. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote, na ningependa angenilaumu, angalau ningekuwa na cha kujibu.

Walioshika shughuli ni watu wa nyumba ile na mtaa ule. Mume wa Bi Zena na jirani mmoja fundi baiskeli walikwenda kuchimba. Kanzu zao zilikuwa mbele, sisi nyuma, na nyuma yetu kabisa, hatua kama kumi, Mwalimu Elisaria na kofia mkononi, kwa kuwa hakuruhusiwa kumwongozea sala asiyebatizwa na hakuweza kubaki nyumbani. Bi Zena alimwambia Agata, "Mtoto mchanga ni ndege wa peponi, mwanangu. Haulizwi karatasi." Tukarudi, tukala wali wa jirani. Na kuanzia kesho yake nyumba nzima ikaacha kumwita Mama Hilari. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila mmoja alidhani anamsitiri. Wakaanza kumwita Agata, kama mgeni aliyehamia jana, na nilimwona kila alipoitwa anachelewa kidogo kuitika.

Nilidhani kitambaa kingeishia pale. Lakini baada ya wiki mbili alikitandika tena. Alishona jioni akitoka kushona, mgongo umepinda, bila kusema kitu, Yaredi, Henoko ambaye utepe wake ni mfupi kuliko wote, Methusela ambaye ukimpima sawasawa anaishia kwenye upindo wa buluu wenyewe, mwaka ule ule wa gharika. Mimi niliandika majina kwa wino wa stoo. Tulifanya kazi magoti yakigusana na hatukuzungumza zaidi ya "nipe mkasi." Mara moja tu alisimamisha cherehani akaniambia, "Nimempigia hesabu, Yuni. Kwa kipimo cha Mwalimu, miezi saba haifiki hata unene wa sindano." Nilitaka kumwomba msamaha hapo. Badala yake nikasema wino umeisha.

Kitambaa kilitundikwa Jumapili, ukutani, nyuma ya mabenchi ya watoto. Kilipendeza. Wazee wa kanisa walikuja kukitazama, hata yule wa ofisini, akakisifu. Mwalimu alishika fimbo yake nyembamba akaanza juu, utepe kwa utepe, na watoto wanaitikia majina. "Adamu!" wakaitikia. Fimbo ikashuka kwenda kwa Sethi, ikasimama. Kati ya Adamu na Sethi, mahali ambapo hapakupimwa kitu, palikuwa na kipande kidogo kimeshonwa kwa mishono myembamba sana, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Hakikuandikwa jina. Ilikuwa khanga ya kijani yenye madoa ya njano. Mimi niliijua. Mwalimu aliijua, maana ndiyo aliyomkuta nayo mtoto asubuhi ile. Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, na huyu nani?"

Nilimtazama Agata. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono kifuani, anamtazama Mwalimu kama mtu aliyeweka mezani kila alichonacho. Mzee wa ofisini naye alisogea aone. Mwalimu Elisaria aliiacha fimbo pale pale mpaka watoto wakaanza kusukumana. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya kufundisha, "Huyu naye ni mwana. Mama yake alimzaa." Akagusa kile kipande kwa ncha ya fimbo, taratibu, akaenda kwa Sethi. Hakukiondoa. Niliondoka mtaa ule baada ya miaka mitatu na kilikuwa bado kipo, rangi imefifia, kitambaa chenyewe kimeliwa na mende kwenye gharika.

Mwaka ule uliisha kama inavyoisha miaka, kwa foleni. Nilipata kipaimara changu na sikujisikia lolote. Agata aliolewa baadaye na fundi seremala mpole, akamzaa Joisi, na wengine watatu, na mji mzima ukamjua kwa jina la Mama Joisi. Tulibaki marafiki namna ya ndugu, wa kuuguzana na kuzikiana. Habari za Hilari hatukuzigusa, isipokuwa mara moja, kwenye ubatizo wa mjukuu wangu wa kwanza. Tulikuwa tunamenya viazi. Akasema bila kuinua macho, "Yule naye angekuwa na thelathini sasa." Ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa anamwongezea. Kila mwaka, kimya kimya, jikoni kwake, alikuwa anamrefushia utepe.

Kwa hiyo asubuhi ya mazishi niliandika watano. Niliandika, wa kwanza wao Hilari, aliyefariki akiwa na miezi saba. Mwandiko wangu sasa unatetemeka lakini bado unasomeka kutoka mlangoni. Joisi aliporudi kuchukua karatasi alisoma amesimama, mwamvuli unamchuruzika, akafika hapo akatabasamu kwa uchovu. "Mama mdogo, umekosea. Tuko wanne."

"Sikukosea."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na kata juu ya mtungi, na kandambili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kama mtoto mdogo, mwanamke yule mzima mwenye watoto wake, "Lakini mimi ndiye wa kwanza. Mama anaitwa Mama Joisi."

"Najua, mwanangu."

"Baba alijua?"

"Sidhani."

"Angekuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini," nikasema. Sikuhitaji kuhesabu.

Gari la kuchukua jeneza lilikuwa limefika, wadogo zake wanamwita. Alikunja karatasi akatoka, na sikujua angefanya nini nayo. Alikuwa na haki ya kuukata mstari ule. Kanisani alisimama mwenyewe kusoma. Alisoma kuzaliwa, akasoma shule, akasoma ndoa, sauti imara. Akafika pale. Nilikiona kidole chake kwenye karatasi kimesimama, kama nilivyoiona fimbo ya Mwalimu, na nikashika benchi la mbele yangu. "Marehemu alijaliwa watoto watano," akasoma. "Wa kwanza wao Hilari." Watu wakatazamana. Mdogo wake wa kiume akainua kichwa. Joisi akaendelea mpaka mwisho.

Kaburini mvua ilikuwa imezidi. Mshereheshaji alitangaza mashada: watoto wa marehemu, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Joisi alikuwa ameshika shada lake, yuko mbele kabisa kama alivyokuwa mbele maisha yake yote. Hakwenda. Aligeuka, akanitafuta kwenye miamvuli, akaja akaniwekea shada mikononi.

"Tangulia wewe, mama mdogo," akasema. "Mimi ni wa pili."

Nilikwenda bila mwamvuli. Niliinama nikaliweka shada kwenye udongo, mvua inanitiririka kichwani na kwenye viganja, nikalitaja jina lake kwa sauti, Hilari, na yale maneno mengine niliyofundishwa Jumatano ile, yote, mpaka la mwisho.